Ng'ombe wa Rumba wa Ekaale Lomunokol

"Kama kuna wimbo wa Kongo ambao mimi, Ekaale Lomunokol, sijui maana yake, basi huo wimbo bado haujaimbwa!"

Maneno haya aliyatamka kwa kipaza sauti katikati ya uwanja wa Lodwar, siku ya sherehe, mbele ya waheshimiwa waliokaa kwenye kivuli cha hema, mbele ya vikundi vya ngoma kutoka kila pembe ya Turkana, na mbele yetu sisi tuliofuata soda za bure. Alivaa suti ya rangi ya maziwa na kofia yenye unyoya wa mbuni. Watu walishangilia. Mzee mmoja aliinua mikono juu kama pembe akaruka mara tatu. Hakuna aliyebisha, kwa sababu uwanjani pale hakuwepo mtu hata mmoja anayejua Kilingala, na katika hesabu hiyo Ekaale mwenyewe nimemtia.

Kilingala cha Ekaale wakati huo kilikuwa maneno matatu: bolingo, motema na mwasi. Mapenzi, moyo, mwanamke. Kwa maneno hayo matatu mtu anaweza kuishi vizuri sana, lakini hawezi kutafsiri nyimbo mia moja na kumi na mbili. Ekaale alizitafsiri. Alizitafsiri zote, kila Jumapili, saa tisa hadi saa kumi na moja alasiri, kwa Kiswahili na Kiturkana, katika kipindi chake cha nyimbo za zamani kinachoitwa Rumba ya Wafugaji, Redio Ewoi, Lodwar. Na katika nyimbo zote mia moja na kumi na mbili, mwimbaji alikuwa analia ng'ombe.

Tusimcheke kwanza. Tutamcheka baadaye, nafasi ipo.

Ekaale alizaliwa upande wa Lorugum, mtoto wa mfugaji, akasoma hadi darasa la sita, kisha ukame ukamaliza mifugo na shule siku moja. Akawa utingo wa lori la chakula cha msaada. Kitale, Kainuk, Lodwar, Lokichoggio, na mara nyingine hadi Nadapal kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Dereva wake alikuwa mpenda rumba wa kufa mtu. Lori likisimama Kainuk kungoja askari wa kusindikiza msafara, injini ilizimwa lakini kaseti haikuzimwa. Siku mbili, tatu, magitaa yanazunguka, vumbi linazunguka, Ekaale amelala chini ya lori anasikiliza. Dereva alipostaafu alimwachia katoni ya kaseti sitini. Wengine tulikwenda chuo tukarudi bila karatasi. Yeye alikwenda Kainuk akarudi na kazi.

Maana Redio Ewoi ilipofunguliwa mwaka 2004, ilikuwa na mlingoti, jenereta, meza ya mninga na kaseti moja ya kwaya. Ekaale akatokea mlangoni na katoni begani. Waliajiri katoni. Yeye akaja nayo.

Jumapili ya pili tu ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, inategemea unamuuliza nani. Mlango wa studio ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Mfugaji mmoja aliyekuwa ametoka soko la mbuzi aliweka chini ekicholong chake, kile kigoda kidogo ambacho mchana mtu anakikalia na usiku anakilalia kichwa, akaketi kizingitini, akasikiliza wimbo mzima. Kisha akauliza, na maiki iko wazi:

"Huyu mtu analia nini?"

Ekaale ana ulimi ambao tangu uumbwe haujawahi kusema sijui. Ulimi ukajibu.

"Analia ng'ombe wake."

"Wa rangi gani?"

"Mwekundu. Pembe moja imeinama."

"Ameenda wapi?"

"Ameibwa. Kainuk."

Mfugaji akatikisa kichwa. "Pole yake," akasema. Yote hayo yalienda hewani. Kabla ya saa kumi na moja watu wanane walikuwa wamefika langoni kuomba wimbo wa yule bwana aliyeibiwa.

Na kusema kweli, angejibu nini kingine? Mturkana akiwa na maksai wake anayempenda, humfunga kengele shingoni, humpindisha pembe zipate umbo, hujiita kwa jina lake, na kwenye ngoma huinua mikono juu akamwimba mpaka sauti ikauke. Sasa mpe mtu wa namna hiyo wimbo wa dakika saba. Mwimbaji analalamika polepole, anapanda, anaita jina hilohilo, halafu gitaa linachemka na watu wote wanaanza kuruka. Unataka aambiwe kwamba huyu anaimba kuhusu nini? Baiskeli?

Tatizo la uongo wa redioni ni kwamba wafugaji hawasahau ng'ombe. Jumapili iliyofuata Ekaale alisema yule ng'ombe alikuwa mweupe, na watu saba wakaja kumsahihisha, mmoja wao akiwa ametembea kutoka Kanamkemer na fimbo. Kuanzia siku hiyo akaweka daftari. Kila wimbo na ng'ombe wake: rangi, pembe, alizaliwa wapi, alipotea wapi, nani alimwona mara ya mwisho. Ng'ombe mweusi wa Lorugum. Ng'ombe mwenye madoa aliyezama Eliye Springs. Lile daftari lingeweza kufungua soko.

Wimbo wa yule mwekundu wa pembe iliyoinama ndio uliopendwa kupita zote. Ulipigwa na bendi iliyoitwa Orchestra Super Lukuga, na jina la wimbo lilikuwa limekwanguka kwenye kaseti zamani. Mjane mmoja wa Nakwamekwi, Nakeno, msusi wa vikapu, aliufanya wake. Mumewe, Adome, alikuwa na maksai mwekundu, pembe moja imeinama, akamuuza mwaka wa ukame. Miaka miwili baadaye Adome mwenyewe akafa. Kila Jumapili Nakeno alipiga simu na kusema maneno yaleyale: "Niwekee ng'ombe ya Adome." Na Ekaale kila Jumapili alisema hewani, taratibu, kama mtu anayeweka maji chini: "Kwa Adome, mume wa Nakeno, wa Nakwamekwi." Mpaka wimbo wenyewe ukaitwa hivyo mji mzima. Ng'ombe ya Adome.

Miaka ishirini ikapita namna hiyo, na ingepita ishirini mingine. Kilichomwangusha Ekaale ni Ekaale. Yeye ndiye aliyesumbua ofisi mpaka ikaomba wafadhili wajenge mlingoti wa pili Kakuma. "Kule kambini kwa wakimbizi kuna Wakongo maelfu," alisema kwenye mkutano. "Hao ndio wenye rumba! Watanipenda!" Mlingoti ukasimama mwezi wa Februari mwaka jana. Jumapili ya kwanza, saa tisa na dakika ishirini, simu ikalia.

"Uko hewani, Rumba ya Wafugaji. Nani mwenzangu?"

"Bonjour, papa. Ni Kasongo, kinyozi, hapa Kakuma One. Tunakusikiaka bien sana."

"Karibu, Kasongo! Umemsikia huyo bwana anavyolia?"

"Nasikia. Lakini papa, nauliza. Ng'ombe iko wapi?"

"Ameibwa, ndugu yangu. Kainuk."

"Hapana, mi nauliza iko wapi ndani ya wimbo. Sababu mi sisikii ng'ombe. Mi nasikia savon."

"Nani?"

"Savon, papa. Sabuni ya kufulia nguo. Ni tangazo ya biashara. Anasema inatoa povu mingi, mama akifulia nayo, bwana harudi tena kwa nyumba ya pili."

Nyuma ya Kasongo zilisikika sauti za watu waliokuwa wanangoja kunyolewa. Walikuwa wanakufa kwa kicheko.

"Kasongo," Ekaale akasema, sauti imeshuka, "kuna Kilingala cha juu na kuna Kilingala cha ndani."

"Cha ndani ya nini, papa? Ya ndoo?"

Ekaale akaweka kaseti nyingine.

Sasa ndiyo nafasi ya kumcheka, na Lodwar iliitumia yote. Jumatatu asubuhi waendesha bodaboda walimpungia: "Mzee, leo umefua?" Kwenye hoteli alikokunywa chai miaka kumi na tano, mhudumu alimletea chapati na mche wa sabuni juu ya sahani, akasimama pembeni uso mkavu. Ekaale alikula chapati. Mche aliufunga kwenye gazeti akaondoka nao, kwa sababu ulikuwa mzima. Alitembea katikati ya barabara akiwa amevaa kofia ileile yenye unyoya. Sikuwahi kumwona mtu akitembea polepole namna ile kwa kusudi.

Jumanne meneja akamwita. Meneja ni Ochola, kijana wa Kisumu, shati limepigwa pasi hata siku ya vumbi, mtu wa kompyuta na ripoti.

"Mzee Ekaale, wafadhili wa mlingoti wamepiga simu. Wanauliza kama tunacheka utamaduni wa wakimbizi."

"Wakimbizi ndio wamenicheka mimi."

"Hilo nimewaeleza. Sasa, kuanzia Jumapili utacheza muziki tu. Hakuna maneno."

"Maneno ndiyo mimi."

"Basi kompyuta itacheza."

Ekaale akavua kofia, akaiweka juu ya ripoti za Ochola. "Nipe Jumapili nne nicheze nikiwa nimenyamaza. Ya tano nifungulie maiki. Nikidanganya tena, hata kidogo, nizime mwenyewe, na katoni yangu nitaibeba kama nilivyokuja nayo."

"Na katika wiki nne utafanya nini?"

"Nitajifunza."

"Una miaka mingapi, mzee wangu?"

"Sitini na tatu. Unauliza ili uniuzie bima?"

Ochola alicheka kidogo, bila kupenda. Akakubali. Lakini alimwambia wazi: Jumapili ya tano mkono wake mwenyewe utakuwa kwenye kitufe cha kuzimia maiki.

Jumapili ya kwanza ya ukimya, watu wa Kalokol walidhani Ekaale amekufa. Rumba inakwenda, inakwisha, inakuja nyingine, na katikati hakuna mtu. Kufikia saa kumi wanawake wawili walikuwa wameshafika langoni na sukari ya matanga. Ekaale aliwatokea, akawasalimu, akapokea sukari, akarudi ndani. Kusema hewani hakuruhusiwa. Sukari hakuna aliyeitaja.

Jumatano alikwenda Kakuma. Hakuanza kwa mwalimu. Alianza kwa adui. Aliulizia kwa Kasongo kinyozi, akaingia kwenye kile kibanda chenye picha za vichwa ukutani, akaketi kwenye kiti, akavua kofia. Nywele alizokuwa nazo zingehesabika.

"Nikate wapi hapa, papa?" Kasongo akauliza.

"Popote utakapopata."

Wembe ulikuwa umeshafika nyuma ya sikio Ekaale aliposema: "Mimi ni yule wa ng'ombe."

Wembe ukasimama.

"Umekuja kunipiga?"

"Wewe ndiye umeshika wembe. Nimekuja kujifunza Kilingala. Nifundishe."

Kasongo alifuta wembe, akafikiri. Alikuwa mtu wa Uvira. Kilingala chake alikiokota kwa wanajeshi, na alisema mwenyewe kwamba hakifai kwa mzee anayekwenda kanisani. "Uende kwa Mama Clotilde," akasema, "nyuma ya lile kanisa ya mabati. Alikuwaga mwalimu. Baba yake alikuwa askari, yeye amekulia Kinshasa. Lakini papa, uvumilie. Ile mama haichekake."

Kweli hacheki. Mama Clotilde ni mwanamke mfupi, mnyoofu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na ubao wa plaiwudi aliopaka rangi nyeusi mwenyewe. Ekaale alimwekea redio ya kaseti mezani, akafungua daftari kwenye ukurasa safi, akashika kalamu.

"Mama, mimi nina nyimbo mia moja na kumi na mbili. Wewe sikiliza tu, unieleze maana, mimi niandike. Tutamaliza kwa wiki tatu."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Nikikuelezea, utaenda kusema kwa redio maneno ya Clotilde. Kesho Clotilde akikudanganya, utajua?"

"Wewe hutanidanganya."

"Na wale watu yako walisema vile juu yako." Akachukua chaki. "Leo ni nalingi, olingi, alingi. Nataka, unataka, anataka. Andika mara kumi."

"Mara kumi? Mimi si mtoto, mama."

"Shule uliacha darasa ya ngapi?"

"La sita."

"Inaonekana. Ya saba ndiyo tunafundishaka kunyamaza."

Aliandika mara kumi. Alirudi Ijumaa, akarudi Jumatano. Watu wa Kakuma walimzoea: mzee wa kofia anayepita kando ya mto mkavu wa Tarach akisema peke yake nalingi, olingi, alingi, mbuzi wanamkwepa. Kwenye zoezi la imla alipata mawili kati ya ishirini. Mara ya pili matano. Alibishana juu ya kila kosa, na kila ubishi ulimzalishia sentensi kumi nyingine. Kasongo alianza kupita hapo jioni kusikiliza tu mzee anavyokemewa. Alisema ni burudani kuliko mpira.

Siku moja Ekaale akajaribu kumwokoa ng'ombe mmoja. Hakuwa tayari kuwapoteza wote.

"Mama, huyu mweusi wa Lorugum. Sikiliza hapa anavyoita. Labda kwa mbali kuna ng'ombe?"

Clotilde alisikiliza wimbo wote. Akavua miwani.

"Baba Ekaale. Kwa Kilingala, ng'ombe inaitwaka ngombe. Ni ileile. Angekuwa ndani, ungemsikia hata wewe."

Miaka ishirini, na kulijua hilo kulihitaji kuuliza neno moja tu.

Lakini kilichomshika zaidi kilitokea wiki ya tatu. Alikuwa ameweka wimbo mwingine, mtu anaimba na gitaa moja tu, sauti ya chini. Clotilde akasikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Kisha akasema:

"Hii sijui."

"Hujui?"

"Sijui. Anaimba luga ya kwao, si Kilingala."

"Lakini wewe ni mwalimu! Kisia tu."

"Nikikisia," Mama Clotilde akasema, akifuta ubao, "nitakuwa nimekutengenezea ng'ombe."

Ekaale aliandika kwenye daftari: wimbo wa gitaa moja, sijui. Aliniambia baadaye kwamba mkono ulimuuma kuliandika neno lile, kama mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi kabla ya Jumapili ya tano alikwenda Nakwamekwi kwa Nakeno. Wengine angewaambia wote pamoja hewani, lakini huyu hapana. Alimkuta nje ya nyumba, miguu imenyooshwa, kikapu nusu, kuti la mkoma mdomoni.

"Ejok, Nakeno."

"Ejok-noi. Kaa."

Alikaa. Alizunguka kidogo, mvua, mbuzi, bei ya vikapu, kisha akaona anajidanganya, akasema: "Ule wimbo wa ng'ombe wa Adome. Si ng'ombe. Ni sabuni. Nimeusikia sasa kwa masikio yangu mwenyewe, neno kwa neno. Wanauza sabuni."

Nakeno hakuinua macho. "Mimi nilijua si ng'ombe."

"Ulijuaje?"

"Hapo katikati anacheka. Mwanaume gani analia ng'ombe halafu anacheka?"

"Sasa mbona hukusema? Miaka yote hii!"

"Ningesema, ungeacha kuweka." Akavuta kuti, akalikaza. "Wewe kila Jumapili ulikuwa unataja jina ya Adome kwa redio. Ndugu zake hawataji. Watoto wako Eldoret, hawataji. Nani mwingine alikuwa anataja?"

Ekaale alipoinuka, Nakeno alimwambia jambo moja tu: "Kesho usinitie aibu ukaanza kulia kwa redio. Ongea kama mtu."

Jumapili. Saa tisa. Lodwar nzima ilikuwa imefungulia Redio Ewoi, nusu kwa mapenzi na nusu kwa ajili ya kicheko. Kakuma, kibanda cha Kasongo kilijaa mpaka nje. Studioni, Ochola alikuwa amekaa kando ya Ekaale, kidole juu ya kitufe, kama alivyoahidi.

"Ejok, wasikilizaji. Hapa ni Ekaale Lomunokol. Miaka ishirini nimewadanganya, tena nikiwa nimevaa kofia. Leo nimeivua. Nina daftari hapa."

Akaanza, sauti kavu, hana haraka.

"Ng'ombe mweusi wa Lorugum. Hayupo. Ni mwanaume anamsihi mkwe wake ampe muda. Ng'ombe mwenye madoa, yule wa Eliye Springs. Hayupo. Ni ndugu wawili, mmoja amekwenda kuchimba madini, hajarudi. Mama yao hafungi mlango. Hilo ndilo linalorudiwa pale mwishoni mnapopenda kuruka: mlango, mlango, msifunge mlango." Akafunua ukurasa. "Huu wa tatu, wa gitaa moja." Kidole cha Ochola kikasogea. "Sijui. Nimeuliza, na niliyemuuliza hajui. Nikijua nitawaambia."

Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mzee, nzito, upepo nyuma yake, mtu aliyepanda kilima kutafuta mtandao.

"Ekaale."

"Naam, apa," akaitika, kama mtoto anavyomwitikia baba.

"Umetuibia ng'ombe mia moja na kumi na mbili siku moja. Hata wezi wa Kainuk hawajafika hapo."

"Ni kweli, apa."

"Utarudisha?"

"Siwezi. Hawakuwepo."

Kimya. Kwenye redio, kimya cha sekunde kumi ni kirefu kama kiangazi, na Ochola alikuwa amefumba macho. Ekaale hakukijaza. Zamani angemletea yule mzee hata ndama.

"Huyo aliyekwenda kuchimba," mzee akasema mwishowe. "Mama yake bado anangoja?"

"Kwenye wimbo, bado."

"Basi weka hiyo."

Akaiweka. Simu zikafuatana. Mmoja alimtukana vizuri sana kwa Kiturkana na kisha akaomba wimbo. Mwalimu mmoja wa Kainuk alitaka arudishiwe machozi yake. Kasongo alipiga kutoka Kakuma kusema kwamba tafsiri ya mkwe ilikuwa sawa lakini matamshi ya papa bado yana mchanga.

Saa kumi na nusu alifika kwenye kaseti ya Super Lukuga.

"Huu ni wimbo wa sabuni," akasema. "Ina povu jingi. Mwanamke akifulia nayo, mumewe harudi nyumba ya pili. Hapo katikati mwimbaji anacheka, msikilize. Ninauweka kwa Adome, mume wa Nakeno, wa Nakwamekwi."

Hakulia. Aliongea kama mtu. Watu walicheka pale mwimbaji anapocheka, hoteli nzima, nami nilikuwa mmoja wao, na hakuna aliyebadilisha stesheni.

Kidole cha Ochola kilikuwa kimeshaondoka kwenye kitufe. Hakuna anayekumbuka saa ngapi. Kipindi kilipokwisha alimuuliza:

"Zimebaki ngapi?"

"Mia moja na tisa. Ile ya gitaa moja bado naihesabu."

"Maiki ni yako, mzee. Lakini hewani unasema ulichojifunza tu. Na redio haina fungu la kumlipa mwalimu."

"Sijakuomba mwalimu. Nimekuomba maiki."

Jumatano iliyofuata alikuwa Kakuma saa mbili asubuhi, daftari jipya kwapani, tayari kwa vitenzi vya wakati uliopita, ambavyo Mama Clotilde anasema vitamchukua hadi Krismasi. Alijaribu kumweleza kwamba sasa yeye ni mwanafunzi mkubwa kuliko wote, mwenye kipindi, mwenye jina, na kwamba kwa mtu wa namna hiyo huwa kuna punguzo. Mama Clotilde alimnyooshea chaki.

Saa moja ya Kilingala kwa Mama Clotilde bado ni shilingi mia mbili.